Uzito wa Kitunguu: Mwanafunzi wa Uhuishaji na Msimu Wake Mmoja

Mtu atokaye Karatu mjini kwenda Mang'ola hana budi kuteremka. Huyaacha nyuma mashamba ya ngano na mahindi ya nyanda za juu, huuacha mlima Oldeani mkono wa kulia, na kadiri anavyoshuka ndivyo joto linavyopanda, mpaka alione Ziwa Eyasi liking'aa kwa magadi katika sakafu ya Bonde la Ufa. Nchi hiyo ingekuwa kavu na yenye miiba mitupu kama si chemchemi za Qangded. Maji yake hugawanywa kwa mifereji, kila mkulima kwa zamu yake, na kwa maji hayo Mang'ola imepata sifa ya kilimo cha vitunguu nchini Tanzania. Wairaqw, Wadatoga, Wahadzabe, Waisanzu na watu wa makabila mengine mengi hukutana hapo, na malori yaliyosheheni magunia huelekea Arusha na Dar es Salaam, na mengine huvuka mpaka kuingia Kenya.

Nilifika huko wakati wa mavuno nikifuatana na wenzangu waliokwenda kupima maji ya chemchemi. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na kazi yangu siku hiyo ilikuwa ndogo. Hivyo nilipata wasaa wa kuketi kivulini karibu na lori lililokuwa likipakiwa. Kijana mmoja aliyekuwa akishona midomo ya magunia alinijia, akaniamkia, akauliza kama ni kweli kwamba nafundisha chuo kikuu. Nilipoitika, alisema kwamba yeye pia ni mwanafunzi, yumo katika mwaka wa mwisho wa chuo kimoja huko Dar es Salaam, na kwamba anasomea uhuishaji, yaani utengenezaji wa filamu za katuni. Kisha alipangusa mikono, akatoa simu mfukoni, akanionyesha filamu yake ya dakika moja.

Ilikuwa filamu ya mahali hapo hapo tulipokuwa. Lori limesimama, wapakiaji wanapandisha gunia, gunia linafumuka, kitunguu kimoja kinaanguka kutoka kwenye bodi ya lori mpaka chini, na mbuzi anakikimbilia. Rangi zilikuwa nzuri, na vivuli vya mchana vilichorwa kwa uangalifu mkubwa. Lakini kitunguu kilipoanguka, kilishuka kama kitu kinachoteremshwa kwa uzi. Kijana aliniambia kwamba alikwisha kuipeleka filamu hiyo kwa watengenezaji wawili wa filamu za katuni akiomba kazi. Mmoja hakujibu. Wa pili alimwandikia mstari mmoja tu: vitu vyako havina uzito. Kijana alikuwa ameutafakari mstari huo kwa wiki kadhaa, na hatimaye aliamua kwamba tatizo lake ni kompyuta dhaifu.

Baba yake alitukaribia akiwa na daftari la hesabu ya magunia. "Mwalimu," aliniambia baada ya kusalimiana, "huyu nimemsomesha kwa vitunguu. Kila muhula una magunia yake. Sasa amekaribia kumaliza, nami sijaona bado hiyo kazi yake inamlishaje mtu. Nimempa msimu mmoja. Vitunguu vinavyofuata vikivunwa naye hajapata mahali, atarudi ashike zamu yangu ya maji, maana mgongo wangu umechoka."

Hakusema hayo kwa hasira, wala hakukosea. Msimu mmoja wa vitunguu, kuanzia kitaluni hadi guniani, ni miezi kama mitano au sita. Makala haya yanaeleza mambo niliyozungumza na kijana huyo siku ile na katika barua tulizoandikiana baadaye, kwa sababu naamini kwamba wako vijana wengi katika shule zetu za sekondari wanaopenda kuchora, na wako wazazi wengi wanaouliza swali lile lile.

Uhai unatoka wapi?

Neno uhuishaji limetokana na kitenzi huisha, maana yake tia uhai. Ni neno zuri, lakini laweza kumpotosha mwanafunzi akafikiri kwamba uhai umo ndani ya picha. Ukweli ni kwamba kila picha imekufa kabisa. Filamu ya sinema huonyesha picha 24 kwa kila sekunde, na televisheni za nchi zetu hufuata kipimo cha picha 25. Kila moja imesimama tuli. Mwendo tunaouona haupo katika karatasi wala katika kioo cha televisheni. Unatengenezwa na jicho na ubongo wa mtazamaji.

Jambo hili lilijulikana kabla ya sinema kuzaliwa. Mwaka 1832 mwanafizikia wa Ubelgiji, Joseph Plateau, alitengeneza kisahani chenye michoro pembeni na matundu membamba. Kilipozungushwa mbele ya kioo, michoro ilionekana kucheza. Mwaka 1878, huko Marekani, Eadweard Muybridge alipanga kamera nyingi kwa mstari, akapiga picha mfululizo za farasi anayekimbia, na watu wakaona kwa mara ya kwanza bila shaka yoyote kwamba kuna nukta ya wakati ambapo kwato zote nne zimeacha ardhi. Mwaka 1892 Émile Reynaud alianza kuwaonyesha watu wa Paris hadithi zilizochorwa kwa mkono katika utepe mrefu, miaka mitatu kabla ya maonyesho mashuhuri ya sinema ya ndugu Lumière.

Kwa muda mrefu vitabu vilieleza kwamba mwendo huo unatokana na picha kudumu kidogo jichoni baada ya kuondoka. Maelezo hayo hayatoshi. Kama picha zingedumu tu, tungeona michoro iliyorundikana, si mwendo. Mwaka 1912 mwanasaikolojia Max Wertheimer alionyesha kwamba mistari miwili iliyosimama, ikionyeshwa mmoja baada ya mwingine kwa kasi ifaayo, hutufanya tuone kitu kimoja kinachohama. Ubongo haupendi mapengo, huyajaza. Basi mhuishaji ni mtu anayepanga mapengo. Kazi yake hasa ni kuamua umbali baina ya picha moja na ya pili, na hapo ndipo kitunguu cha kijana wetu kilipokosea.

Hesabu ya kitunguu

Nilimwomba kijana anionyeshe michoro yake ya kitunguu, mmoja mmoja. Alikuwa amefuata desturi ya kutumia kila mchoro kwa picha mbili, hivyo sekunde moja ilihitaji michoro 12. Kitunguu kilianguka kwa nusu sekunde, na katika nusu sekunde hiyo alikihamisha mara sita, kila mara kwa umbali ule ule. Alikuwa amegawanya njia katika vipande sita vilivyo sawa, kama fundi apimaye ubao.

Lakini dunia haivuti hivyo. Galileo alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1638 kwamba kitu kinachoanguka kutoka katika hali ya utulivu, katika vipindi vya wakati vilivyo sawa, hupita umbali ulio katika uwiano wa 1, 3, 5, 7, 9, 11 na kuendelea, yaani namba witiri. Ukijumlisha namba hizo utapata 1, 4, 9, 16, 25, 36, ambazo ni vipeo vya pili. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaijua kanuni hii kwa sura nyingine: umbali ni nusu ya mchapuko wa mvutano ukizidishwa kwa kipeo cha pili cha wakati.

Hebu tukihesabu kitunguu chenyewe. Mchapuko ni mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde, na muda wa mchoro mmoja ni sehemu moja ya 12 ya sekunde. Katika mchoro wa kwanza kitunguu hushuka kama sentimita 3.4 tu. Katika wa pili huongeza sentimita 10.2, katika wa tatu 17, katika wa nne 23.8, katika wa tano 30.6, na katika wa sita 37.4. Jumla ni sentimita 122 na kitu, ambacho ni kimo kinachofaa kwa bodi ya lori. Tazama tofauti hii: hatua ya mwisho ni ndefu mara 11 kuliko ya kwanza. Kitunguu huanza kama kinasitasita, kisha kinaikimbilia ardhi. Tofauti hiyo ndiyo macho yetu huiita uzito.

Mwalimu anaweza kulithibitisha jambo hili darasani bila umeme. Mwanafunzi achukue daftari lenye kurasa za kutosha na achore katika pembe za kurasa saba, moja baada ya nyingine. Kwanza apime mistari 36 iliyo sawa kutoka juu kwenda chini. Katika ukurasa wa kwanza achore duara kwenye alama ya 0, kisha katika kurasa zinazofuata kwenye alama za 1, 4, 9, 16, 25 na 36. Katika daftari la pili achore duara lile lile kwenye alama za 0, 6, 12, 18, 24, 30 na 36. Akizipeperusha kurasa kwa kidole gumba, daftari la kwanza litaonyesha jiwe, na la pili litaonyesha buibui anayejishusha. Duara ni lile lile, karatasi ni ile ile, na penseli ni ile ile.

Kijana alichora hivyo katika ukingo wa daftari la magunia la baba yake. Alipeperusha kurasa mara tatu, akanyamaza. Kisha akasema, "Kumbe kanuni hii niliifanyia mtihani."

Maneno hayo yalinihuzunisha kidogo, maana yanatuhusu sisi walimu. Tulimfundisha kanuni hiyo kama kitu cha kujibia mtihani, wala hatukumwambia kwamba ipo siku itamsaidia kupata riziki.

Nyayo zilizo jirani

Ng'ambo ya nyanda za juu, katika eneo la Ngorongoro, kuna Laetoli. Huko, mwaka 1978, kundi la watafiti lililoongozwa na Mary Leakey liligundua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano yaliyolowa, zaidi ya miaka milioni tatu na nusu iliyopita. Njia hiyo ina urefu wa mita 27 hivi. Miaka ya 2014 na 2015 watafiti, wakiwemo Watanzania Fidelis Masao na Charles Musiba, walifukua nyayo nyingine karibu na hapo.

Nilimtajia kijana nyayo hizo kwa sababu mtafiti wa Laetoli na mhuishaji wanafanya kazi moja kutoka pande mbili. Mtafiti anazo alama zilizosimama, na kutokana na umbali baina yake anakisia mwendo: urefu wa kiumbe, kasi yake, namna alivyoweka kisigino na kusukuma kwa vidole. Mhuishaji anao mwendo akilini, na anatafuta alama zilizosimama zitakazoufufua mbele ya mtazamaji. Wote wawili huishi kwa kupima mapengo.

Basi nikampa kazi ya kwanza ya msimu wake: asifungue kompyuta kwa wiki mbili. Kila siku aketi mahali na kuchora mienendo. Achore mbeba gunia anavyopinda magoti kabla ya kuinuka. Achore punda wa Wadatoga anavyotanguliza mguu upi. Achore mhunzi wa Kidatoga anavyoinua nyundo polepole na kuishusha ghafla juu ya chuma kitakachokuwa kichwa cha mshale. Mwaka 1981 wahuishaji wawili wakongwe wa kampuni ya Disney, Frank Thomas na Ollie Johnston, walichapisha kitabu kinachoeleza misingi 12 ya kazi yao. Miongoni mwa misingi hiyo ni kwamba kila tendo kubwa hutanguliwa na tendo dogo la kinyume chake: arukaye huchutama kwanza, na arushaye hurudisha mkono nyuma kwanza. Mpakiaji wa Mang'ola ameijua kanuni hii maisha yake yote, ingawa hajapata kuiandika.

Kazi ziko wapi?

Swali la mzee lilikuwa la haki: kazi hii inamlishaje mtu? Nchi zetu zina mifano ya kutosha kulijibu, ingawa jibu lenyewe si la kujivuna.

Mwaka 2010 televisheni ya watoto ya Uingereza ilianza kuonyesha mfululizo wa katuni uitwao Tinga Tinga Tales, wenye vipindi 52 vya hadithi za wanyama wa Afrika. Sura zake zilitokana na mtindo wa uchoraji ulioanzishwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyefariki mwaka 1972. Uhuishaji wenyewe ulifanywa Nairobi, na vijana wengi wa Afrika Mashariki walijifunzia kazi hapo. Mtindo ulitoka Tanzania, mikono ilikuwa Kenya, na uzalishaji uliongozwa kutoka London. Mfano huu unafundisha kwamba sanaa yetu ina soko, na pia kwamba mwenye sanaa asipojua kuitengeneza na kuiuza, wengine watamfanyia.

Mfano wa pili uko nyumbani. Taasisi ya Ubongo ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, na mwaka 2014 ilianza kurusha kipindi cha Ubongo Kids katika televisheni ya taifa, kikifundisha hisabati na sayansi kwa hadithi na nyimbo za Kiswahili. Baadaye kilifuata kipindi cha Akili kwa watoto wadogo zaidi. Vipindi hivyo vimetafsiriwa katika lugha nyingine na kuonekana katika nchi nyingi za Afrika.

Mfano wa tatu ni wa Raymond Malinga wa Uganda, ambaye kikundi chake mjini Kampala kilitoa mwaka 2017 filamu fupi ya kuchekesha kuhusu zimwi linaloogopwa na watoto wa shule za Uganda, ambalo linadaiwa kula daftari la mwanafunzi. Mwaka 2023 alikuwa mmoja wa waongozaji wa Kizazi Moto, mkusanyo wa filamu fupi kumi za katuni kutoka nchi sita za Afrika, uliotolewa na Disney. Filamu yake ilihusu wachungaji wa ng'ombe wa wakati ujao. Mkenya Ng'endo Mukii aliongoza nyingine katika mkusanyo huo huo. Ni vizuri kijana aliyekulia kati ya wachungaji wa Eyasi ajue kwamba mchungaji wa ng'ombe alifaa kuwa shujaa wa filamu ya dunia nzima.

Lakini mwanafunzi asidanganyike. Katika kazi hizo zote waongozaji ni wachache, na wengi huanza chini. Mtu huanza kwa kuchora picha za kati, yaani zile zinazounganisha picha za msingi zilizochorwa na fundi mkuu. Au kwa kupaka rangi, kusafisha mistari, kupanga mandhari, au kulinganisha midomo na sauti. Kipindi kimoja cha dakika 11, kama kingechorwa chote kwa mkono kwa michoro 12 kwa sekunde, kingehitaji michoro 7,920. Hakuna mtu mmoja awezaye kazi hiyo kwa muda wa kufaa. Kwa hiyo mwajiri hutafuta mtu anayejua jambo moja vizuri, anayetimiza ahadi ya siku, na anayekubali kusahihishwa. Filamu ya kuombea kazi isizidi dakika moja au mbili. Kazi bora itangulie, na dhaifu iondolewe kabisa, kwa maana mnunuzi wa gunia akiona kitunguu kimoja kilichooza hulitilia shaka gunia zima.

Mashine na mkono

Kijana alilia sana na kompyuta yake. Nilimkumbusha habari ya Moustapha Alassane wa Niger, aliyezaliwa mwaka 1942. Alikuwa fundi wa mitambo, akajifunza filamu, akapata mafunzo kwa Norman McLaren huko Kanada, na mwaka 1966 alitoa filamu ya katuni yenye vyura, ambayo inahesabiwa miongoni mwa za mwanzo kabisa katika Afrika kusini ya Sahara. Alifanya hayo kabla kompyuta haijafika mezani kwa mtu wa kawaida.

Siku hizi hali ni nyepesi zaidi. Ipo programu iitwayo Blender, ambayo tangu mwaka 2002 imekuwa mali ya wote: kila mtu anaweza kuichukua na kuitumia bila malipo. Mwaka 2025 filamu ya Latvia iitwayo Flow, iliyotengenezwa kwa programu hiyo na kundi dogo la watu, ilipata tuzo ya Oscar ya filamu ndefu ya katuni. Kisingizio cha bei ya programu, basi, kimekwisha. Kimebaki kisingizio cha umeme na mashine, nacho ni cha kweli kwa mtu wa Mang'ola. Lakini penseli haihitaji umeme, na sehemu kubwa ya filamu huamuliwa kwa penseli, pale hadithi inapopangwa kwa michoro midogo kabla ya kuanza.

Kuna jambo jingine ambalo sikumficha. Tangu mwaka 2022 zimeenea programu za akili mnemba ziwezazo kutoa picha, na sasa hata filamu fupi, kwa kuandikiwa maneno tu. Kazi za chini nilizozitaja, kama vile picha za kati na upakaji rangi, ndizo zilizo hatarini kwanza, nazo ndizo mlango wa wanaoanza. Hakuna mwalimu mwaminifu atakayemwambia mwanafunzi kwamba hilo ni dogo. Ninachoweza kusema ni hiki: mashine hiyo imefunzwa kwa picha zilizokwisha kuwekwa katika mtandao, na picha za Eyasi zilizomo humo ni chache, nyingi zimepigwa na wageni wa siku moja. Mtu aliyeshona magunia kwa miaka kumi ana maarifa ambayo bado hayajaandikwa popote. Akiyachora, ana kitu cha kuuza. Akiiga katuni za wengine, anashindana na mashine katika jambo ambalo mashine inaliweza.

Ndege wa asali

Kijana alikuwa na wazo la filamu ya pili, kuhusu mwindaji wa Kihadzabe na ndege yule mdogo anayewaongoza watu kwenye mizinga ya nyuki. Alikwisha kuchukua sauti ya mluzi katika maktaba ya sauti ya kigeni.

Nilimweleza utafiti uliochapishwa mwaka 2023 na Claire Spottiswoode na Brian Wood katika jarida la Science. Wahadzabe humwita ndege huyo kwa mluzi wenye mahadhi. Wayao wa kaskazini ya Msumbiji humwita kwa sauti ya mtetemo inayoishia kwa mguno. Watafiti walipozipiga sauti hizo porini, ndege wa Tanzania waliitikia mluzi wa Kihadzabe zaidi ya mara tatu kuliko wito wa Kiyao, na wale wa Msumbiji waliupendelea wito wa kwao. Ndege wamejifunza lugha ya majirani zao.

Ikiwa ndege hadanganyiki kwa sauti ya kuazima, vipi atadanganyika Mhadzabe atakayeitazama filamu hiyo? Nikamshauri aende kwa wenyewe, aombe ruhusa, asikilize, akubaliane nao juu ya malipo, na awaonyeshe michoro kabla ya kuitoa. Lugha yao, yenye sauti za kidoko, isigeuzwe kichekesho. Wamechoka kupigwa picha na watu ambao hawarudi.

Lumbesa

Jambo la mwisho halikuwa la sanaa bali la bei, na hapa mwalimu alikuwa mzee mwenyewe. Kila mkulima wa vitunguu anaijua lumbesa: gunia linalojazwa mpaka juu, kisha likashonewa kilemba cha vitunguu vya ziada, na mnunuzi akalipa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inaikataza, lakini mkulima mwenye shida huikubali.

"Na huko kwenye katuni lumbesa hakuna?" mzee aliuliza. Mwanawe alikiri kwamba ipo. Alikwisha kutengeneza tangazo la duka la jirani wa chuo. Likarudishwa mara saba kwa marekebisho, na malipo yakabaki yale ya siku ya kwanza.

Basi tulikaa watatu tukaandika masharti kama ya gunia. Kazi ipimwe kwa sekunde za filamu iliyokamilika. Marekebisho yawe mawili. La tatu lilipiwe. Sehemu ya malipo itangulie. Na mkataba useme wazi nani atakuwa na haki ya wahusika na michoro. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtungaji, na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania ipo kwa ajili hiyo, lakini mtu akitia sahihi karatasi bila kuisoma anaweza kuitoa haki yake kwa mkono wake mwenyewe.

Msimu ulipokwisha

Nilirudi Mang'ola mavuno yaliyofuata. Kijana alikuwa amemaliza chuo. Filamu ya ndege wa asali ilikuwa bado michoro tu, kwa sababu wazee wa Kihadzabe walimwambia asubiri, naye alisubiri. Lakini ile ya lori alikuwa ameichora upya yote. Mtengenezaji yule aliyemwandikia mstari mmoja alimpa kazi ya majaribio ya miezi miwili ya kuchora picha za kati, kwa malipo ya kila sekunde. Baba yake aliyahesabu malipo hayo kwa magunia, akakuta hayatoshi hata magunia ya muhula mmoja. Hakusema neno.

Jioni, kivulini pa lori, kijana alimwekea baba yake simu mbele ya macho. Wapakiaji walipinda magoti, gunia likafumuka, kitunguu kikasitasita kwenye ukingo wa bodi, kisha kikaanguka, kikagonga ardhi na kubonyea kidogo kabla ya kudunda. Mzee aliinua kichwa haraka.

"Hicho kimechubuka," alisema. "Kisirudishwe guniani, kitaozesha vingine."

Mwanawe alinitazama, nami nikamtazama. Mzee alirudisha macho kwenye simu, akaomba aone tena, kisha tena. Halafu alifunga daftari lake la magunia na kusema kwamba zamu ya maji ataishika mwenyewe msimu mmoja zaidi.